Miwani ya Kukhu na Gauni la Kijani

Matanga ya Mama yalipokwisha, wadogo zangu waligawana sufuria, vitambaa vya viti na ile cherehani ambayo haijashona tangu sindano yake ipotee. Mimi, kwa kuwa nilichelewa kuomba, nikaachiwa kitu ambacho hakuna aliyekitaka: kikasha cheusi cha miwani, kimepasuka pembeni. Nilikifungua jikoni kwangu. Harufu ya ngozi kuukuu na dawa ya nondo ikanipiga puani, na kabla sijaitoa miwani yenyewe tayari nilijua nitakachokikuta. Vioo vinene kama kitako cha chupa ya soda, na mkono wa kulia umefungwa kwa uzi mweusi. Mkono huo niliuvunja mimi. Sijawahi kuvunja kitu kingine kwa woga wa namna ile.

Watoto wangu husema mimi nikienda mjini ni kama nimevuka bahari. Naaga majirani, nabeba sweta, naacha maagizo ya kuku. Ni kweli. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilijaribu kusafiri kwa dhati mara moja, nikiwa na miaka tisa, nikarudi na siri mbili na tumbo la kuendesha. Ilinitosha.

Ajabu ni kwamba safari yenyewe ilikuwa ya kurudi nilikozaliwa. Nilizaliwa Nairobi, katika chumba cha tatu kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya Adams Arcade, na nilijua kila bomba la maji na kila mbwa wa upande ule. Nilipofika miaka saba Baba akasema Nairobi si mahali pa kulea watoto, Mama akasema shamba halilimwi kwa barua, tukahamishiwa rizavu, yaani mashambani kwetu huko Magharibi. Nililia njia nzima. Miaka miwili baadaye nikaambiwa tunarudi Nairobi kwa siku chache tu, nikalia tena, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kule. Ndivyo tulivyo watu wa nyumbani. Popote tulipoketi mwisho, hapo ndipo petu.

Tulikuwa tunampeleka Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, akachukue miwani. Madaktari wa macho walikuwa wamempima hospitali ya misheni, na sasa alitakiwa aende mwenyewe Parklands ajaribiwe vioo. Kwa miaka mingi Kukhu alikuwa anaona watu kama moshi. Alikuwa akikutambua kwa hatua zako, au kwa jinsi unavyovuta pumzi, na ukinyamaza alikuwa anakuita jina la ndugu yako ili ukasirike na kusema.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani. Hawapeani mkono, hawali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Kukhu alikuwa mstaarabu. Akija kututembelea, alikuwa anakohoa akiwa bado mbali na boma, mara mbili, kavu, kama mtu anayebisha hodi: kho, kho. Baba, kama yuko likizo, akisikia hivyo anaacha hata chai mdomoni na kutokea nyuma ya nyumba. Siku moja alitumbukia mtaroni pamoja na baiskeli. Sisi watoto tulicheka, mpaka binamu yangu Tabitha, aliyekuwa mjuzi wa kila jambo baya, akaniambia kinachotokea mama mkwe akimwona mkwe wake katika hali ya aibu.

"Mama yako anarudishwa kwao," akasema. "Anafunga vitu vyake anaenda. Nyinyi mnabaki na baba yenu, anawapikia."

Baba alijua kupika uji tu, na uji wenyewe ulikuwa na madonge.

Tulifika Nairobi kwa treni siku ya Ijumaa. Kukhu alichukuliwa na Mjomba Zakayo, kaka yake Mama, akapelekwa Kawangware, maana hawezi kulala kwa mkwe wake. Mimi na Mama tukaenda kwa Baba. Alikuwa bado kazini, alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, na ufunguo ulikuwa kwa jirani. Chumba kilikuwa kimekuwa kidogo. Nilikumbuka dirisha likiwa juu sana, na sasa ningeweza kuliegemea. Mama alipotoka kuteka maji nikavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda ili nimtafute mwanasesere wangu wa matambara niliyemwacha hapo.

Mwanasesere hakuwemo. Kulikuwa na gauni la kijani lenye maua makubwa meupe, limenyooshwa vizuri. Chini yake kitambaa cha kichwa, shanga, kopo la poda, na sidiria ambayo watoto wawili wangelala ndani bila kusukumana. Chini kabisa kulikuwa na raba nyeupe, kubwa sawa na miguu ya Baba.

Akina mama wa kisimani kule nyumbani walikuwa wakisema, wakidhani sisi watoto hatusikii, kwamba mwanamume wa Nairobi ana mke wa kulima na mke wa kumpikia. Mimi nilikuwa nimeona sasa nguo za yule wa kupika. Kilichonishtua zaidi ni ukubwa wake. Nikamwonea Mama huruma, maana alikuwa mwembamba, na ugomvi ukizuka angepigwa.

"Unatafuta nini humo?" Mama alikuwa mlangoni na ndoo.

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo inakufanya utokwe jasho?"

Nikalisukuma sanduku ndani, nikakaa sakafuni na kuuegemeza mgongo kitandani. Nilikaa hapo mpaka Baba akarudi. Nilipewa chakula hapo. Baba akanitazama, akamtazama Mama.

"Mbona huyu amekaa kama askari wa benki?"

"Muulize. Tangu tufike ameota mizizi."

Baba akacheka, akanipapasa kichwa kwa ule mkono wake wenye kidole cha mwisho kilichopinda. Kiliwahi kubanwa na mlango wa ofisi, kikapona kikiangalia upande mwingine. Halafu akasema, kana kwamba anaongea na taa, kwamba kesho mchana ana kazi ya ziada.

"Jumamosi?" Mama akauliza.

"Kuna makaratasi ya kupeleka."

"Makaratasi ya Jumamosi." Mama akamimina chai polepole sana. Mimi nikajua: anaenda kwa yule mkubwa.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Parklands, mimi, Mama, Mjomba na Kukhu. Fundi wa miwani, mzee mmoja wa Kihindi mwenye koti jeupe, akamweka Kukhu kitini na kumvisha vile vioo vinene. Kukhu akageuza kichwa polepole, kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu akaanza na Mjomba.

"Zakayo. Kumbe una mvi."

"Ndiyo, Mama."

"Na hilo tumbo ni la nani?"

Akamgeukia Mama. "Na wewe mbona umekonda hivyo? Huyo mtu hakulishi?"

"Nakula vizuri, Mama."

Mwisho akaniinamia mimi, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayenunua kuku. "Huyu nilikuwa nadhani ni mrembo," akasema.

Mjomba alicheka hadi akashika ukuta. Alikuwa fundi wa nguo pale Kenyatta Market, mtu wa sauti kubwa, na furaha ya kuona mama yake anaona ilimpanda kichwani. Akasema leo hatuli nyama tu na kurudi. Alikuwa na tikiti. Mchana anatupeleka mjini kwenye ukumbi, tukamwone Mama Kibiriti.

"Nani huyo?" Kukhu akauliza.

"Mchekeshaji. Nairobi nzima inamwongelea! Anaigiza mama mkwe aliyetoka rizavu. Watu wanatoka pale mbavu zinauma."

Mama akasema labda Kukhu amechoka, tena mambo ya mama mkwe si ya kuchezewa. Kukhu akamkatiza. "Nimepewa macho leo, halafu niende kuangalia ukuta wa Zakayo?"

Basi tukashuka mjini. Katikati ya mji kulinukia mkate, moshi wa mabasi na lami mpya, na Kukhu akawa anasimama kila hatua tatu. Alimwonyesha Mama saa ya mnara. Alimwonyesha mwanamke aliyevaa viatu virefu, akasema huyo anatembea kama anakanyaga mayai ya mtu mwingine. Alinionyesha siafu. Siafu! Akiwa amesimama wima, mtu ambaye wiki iliyopita alimsalimia mbuzi wetu kama mgeni. Mimi sikufurahi hata kidogo. Kila mwanamke mnene aliyepita nilimtazama miguu.

Ukumbini tuliketi mstari wa pili. Kukhu, mimi, Mama, halafu Mjomba. Kwanza alitoka kijana mwembamba aliyejifanya mkwe: anafagia chumba chake, anaficha chupa, anajisifu kwamba Nairobi hakuna desturi. Halafu nyuma ya pazia kukasikika kikohozi. Kavu, cha kubisha hodi.

Kho, kho, kho.

Ukumbi mzima ukapiga kelele. Kijana akaruka chini ya meza. Na Mama Kibiriti akaingia na kiondo chake, amevaa gauni la kijani lenye maua makubwa meupe.

Nikamtazama miguu: raba nyeupe. Ndiye huyo, nikasema moyoni. Ndiye mke wa pili, na watu wanampigia makofi, na Mama ameketi hapa amelipiwa kumtazama.

"Gauni langu hilo!" Mjomba alikuwa amesimama. "Hilo nimelishona mimi! Jamaa mmoja aliniletea vipimo kwenye karatasi, akasema ni vya dada yake!"

"Kaa chini, mzee, tunaona mgongo wako tu!" mtu wa nyuma akamfokea.

Mama Kibiriti akakataa kuingia kwa mkwe. Lakini Nairobi nyumba ni chumba kimoja, na nje kunanyesha. Basi akaingia kinyumenyume, akampa mkwe mgongo, na kwa kuwa haruhusiwi kuongea naye akaanza kuongea na kiti.

"Kiti, mwambie mkwe wangu, nimefika."

"Kiti," kijana akalia kutoka chini ya meza, "mwambie mama karibu!"

"Kiti, niulizie: mbona yeye ana mashavu na mtoto wangu amekonda?"

Akainua mkono kukionya kiti. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda, kinaangalia upande mwingine.

Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani. Baba hakuwa na mke mwingine. Baba ndiye aliyekuwa mke mwingine! Nilitaka kumvuta Mama kanga nimwambie. Lakini Mama alikuwa ameinama anaangalia mapaja yake kama mtu aliyeangusha sindano, na mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Mama naye alikuwa amekwisha kumtambua. Mjomba naye alikuwa amekaa, mdomo wazi, kicheko kimemkauka. Ndipo maneno ya Tabitha yakanirudia. Baba alikuwa amevaa sidiria mbele ya mama mkwe wake, anamwiga kikohozi chake, na mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alikuwa anaona hadi siafu.

Niligeuka polepole. Kukhu alikuwa ameketi wima kabisa. Vioo vilikuwa vinameta kwa taa za jukwaani, na sikuweza kuona macho nyuma yake. Halafu akainua mikono miwili, akaivua ile miwani, akaniwekea mapajani.

"Shika hii."

"Kukhu?"

"Shika. Na usinirudishie hata nikiomba."

Nilikuwa nimewahi kuona wanawake wakivua miwani na hereni. Huvua kabla ya kupigana. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Alijifunika uso kwa kanga, akainama mbele, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kwenye jukwaa Baba alikuwa anakiuliza kiti kama mkwe ametoa ng'ombe wote, na kila ukumbi ulipocheka mabega ya Kukhu yalitikisika zaidi. Analia, nikajua. Kesho Mama anafunga vitu. Nikaishika ile miwani kwa mikono miwili, nikaikaza, nikaikaza, mpaka nikasikia tak, na mkono wa kulia ukabaki peke yake kiganjani.

Watu walipoanza kupiga makofi na kusimama, Kukhu akaninyooshea kikasha. Nikavitumbukiza vyote viwili ndani na kukifunga haraka. Akakitia kwenye kapu. Mama hakuona. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka.

Tulitembea mpaka kituo cha basi, Mama mbele. Mjomba akasema joto limezidi.

Baba alirudi jua halijazama, ananukia sabuni. Alikuwa na mstari mdogo wa poda chini ya sikio. Mama aliinuka, akalowesha ncha ya kanga, akaupangusa.

"Makaratasi yalikuwa mengi?" akauliza.

Baba akaangalia ile kanga. Akaketi kitandani. "Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa mstari wa pili."

"Na..."

"Na Mama. Zakayo alitupeleka."

"Mama haoni," Baba akasema haraka.

"Ana miwani. Tangu asubuhi. Ameona siafu."

Baba akavua viatu, akavivaa tena. Alikuwa ameyaona macho ya watu mia tatu yakimcheka na hakuogopa. Sasa aliogopa macho mawili. Akasema alianza kwa utani tu, ofisini. Akasema hakutaka kumdharau, kwamba yeye hamjui mama mkwe mwingine wa kumwiga. Mama akasema, "Kesho atasema neno lake. Na nikiambiwa twende, nitaenda. Huyo ni mama yangu."

Na mimi nilikuwa pale sakafuni, mgongo kwenye kitanda, na neno la kuwaokoa wote lilikuwa mdomoni mwangu: miwani ilikuwa kwangu. Sikulisema. Sikujua kwamba ni dawa. Nilichojua ni kwamba nikitaja miwani nitaulizwa imevunjwa na nani. Nikanywa uji wangu. Baba ndiye alikuwa ameupika, na nikayahesabu madonge kama mtu anayezoea maisha mapya.

Jumapili tulikuwa stesheni, na Mjomba alikuwa amemleta Kukhu. Treni ilikuwa tayari imesimama. Baba alikuja kutuaga, kwa sababu kutokuja kungekuwa vibaya zaidi, lakini alisimama nyuma ya nguzo, ametugeuzia mgongo kama desturi inavyotaka. Nilikuwa naona kiwiko chake tu. Mama alisimama katikati, kati ya nguzo na Kukhu, na mzigo wake hakuwa ameuweka kwenye treni wala hakuwa ameuweka chini.

Kukhu akatoa kikasha. Akakifungua. Akautoa ule mkono uliovunjika, akauinua karibu na pua.

"Nani amevunja miwani yangu?"

Nikaanza kulia. "Ni mimi, Kukhu."

"Uliivunjaje na ilikuwa kwenye uso wangu?"

"Haikuwa kwenye uso wako. Ulinipa nishike."

"Sema kwa sauti. Mimi ni mzee."

"Ulinipa nishike!"

"Nilikupa lini?"

"Kule ukumbini! Yule mama wa gauni la kijani alipoanza kuongea na kiti!"

"Nikaivaa tena lini?"

"Hukuivaa tena! Nilikuwa nayo mimi mpaka watu wakapiga makofi!"

"Kwa hiyo mimi niliona nini pale?"

Nikamtazama nisielewe anataka nini. "Moshi," nikasema.

"Umesikia, Zakayo? Mtoto hawezi kudanganya na anatoka kamasi hivyo. Niliona moshi."

Kile kiwiko nyuma ya nguzo kikashuka. Mama akauweka mzigo chini, akakaa juu yake. Mimi niliendelea kulia kwa bidii, maana nilidhani bado tunaongelea miwani. Ilinibidi nikue, niolewe, niozeshe binti, nami niwe mama mkwe wa kukwepana na mume wake, ndipo nikaelewa kwamba Kukhu alikwisha kujua miwani imevunjika tangu alipokitia kikasha kapuni, na kwamba mabega yale ya ukumbini hayakuwa yanalia hata kidogo.

Mjomba alikuwa siku zote na sindano na uzi kwenye ukosi wa koti. Akaufunga ule mkono pale pale kwa uzi mweusi, anamtania Kukhu kwamba sasa miwani imevaa shati la mkono mmoja. Tukapanda. Kukhu akakaa dirishani, miwani mkononi, hajaivaa. Akaigeukia nguzo.

"Nguzo," akasema, "mwambie mkwe wangu mimi sikuona kitu. Lakini masikio yangu ni mazima. Mwambie mama mkwe hakohoi mara tatu. Mara tatu ni mgonjwa. Anakohoa mara mbili."

Filimbi ikalia, behewa likatikisika, watu wakaanza kupunga mikono. Ndipo nyuma ya nguzo nikasikia, kavu kabisa, kana kwamba yeye mwenyewe yuko kwenye kona ya boma letu anabisha hodi:

Kho, kho.

"Hapo sasa," Kukhu akasema, akavaa miwani yake.